Siri ya Mgonjwa na Mtunzaji Wake

Tiba ya kisaikolojia, yaani tiba ya mazungumzo yenye utaratibu kati ya mtaalamu na mtu mwenye sonona, hofu au majeraha ya nafsi, husimama juu ya jambo ambalo dini zililitambua zamani, kwamba mtu hafunui yaliyo moyoni mpaka amwamini anayemsikiliza. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa Kanisa Katoliki wa mwaka 1215, uliomtaka kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, ulimwekea padri atakayefichua ungamo adhabu ya kuvuliwa upadri na kufungiwa katika monasteri maisha yake yote. Uislamu, ambao hauna padri wa kuungamiwa, humwelekeza mja atubu kwa Mola wake moja kwa moja, na papo hapo huhimiza kusitiri aibu za wengine. Katika tiba yenyewe, madaktari Josef Breuer na Sigmund Freud walipochapisha kitabu chao kuhusu histeria mwaka 1895, mgonjwa mashuhuri wa Breuer aliitwa Anna O., jina la kubuni la kumlinda. Jina lake la kweli lilitangazwa mwaka 1953, naye akiwa amekwisha kufariki na hawezi kuulizwa.

Manufaa ya tiba hii hayana shaka. Mjini Harare, ambako daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Benchi la Urafiki mwaka 2006, kina bibi waliofundishwa kumsaidia mtu kukabili matatizo yake moja baada ya jingine huketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tiba kwa njia ya video nayo, kwa maradhi hayo, imeonekana katika tafiti nyingi kukaribiana na ile ya ana kwa ana, na kwa mtu anayeishi mbali na mtaalamu yeyote huenda ndiyo tiba pekee atakayoipata.

Hata hivyo, mazungumzo yenye nguvu ya kuponya yana nguvu ya kudhuru pia. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, baadhi ya wataalamu waliwasukuma wagonjwa wao kukumbuka maovu ya utotoni ambayo hayakuwahi kutokea, na familia zikasambaratika. Umbali huongeza hatari zake: mtaalamu haoni mkono unaotetemeka, mgonjwa anayeishi chumba kimoja na jamaa zake hunong'ona au huficha lililo zito, na mtu anayetaka kujiua hawezi kupelekewa msaada ikiwa hakuna ajuaye alipo.

Wengi hudhani kwamba siri nayo iko salama zaidi ndani ya chumba kilichofungwa mlango, lakini yaliyotokea Finland yanapinga dhana hiyo. Kampuni ya Vastaamo ilikuwa na kliniki nyingi ambamo wagonjwa waliketi uso kwa uso na wataalamu wao. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zilihifadhiwa katika kompyuta, zikaibwa, na Oktoba 2020 mhalifu akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akiwadai euro 200 ili asiyaanike mambo yao. Walioathirika walizidi 30,000. Padri haandiki anachoungamiwa, ilhali mtaalamu huandika, na maandishi yake huishi katika mikono asiyoijua.

Fikihi ya Kiislamu, katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aitunze, ina hukumu inayofaa kuzingatiwa hapa. Mtunzaji hadaiwi fidia mali ikipotea bila uzembe wake, lakini kwa wanazuoni wengi, akiikabidhi kwa mtu baki bila idhini ya mwenyewe na bila dharura, hubeba dhamana. Kampuni ya programu inayohifadhi maneno ya mgonjwa ni mtu baki wa namna hiyo, tena hapa jambo ni zito kuliko mali, kwa sababu fedha iliyopotea hulipika na siri iliyoanikwa hairudishiki. Kwa hiyo idhini haina budi kutafutwa kabla ya kikao cha kwanza, kwa maneno ambayo mtu mwenye huzuni anaweza kuyaelewa: nini kitaandikwa, kitawekwa wapi, nani atakisoma na kitafutwa lini. Mgonjwa akikataa, tiba iendelee, na mtaalamu asiandike zaidi ya kile ambacho sheria inamlazimisha.