Hofu Iliyo Chini ya Paa Moja



Mama mjamzito akikataa kupimwa virusi vya Ukimwi, wengi husema ni ujinga, au anaogopa sindano. Uchunguzi ulioanza Migori mwaka 2007 ulionyesha sababu nyingine. Watafiti waliwahoji wajawazito 1,525 katika kliniki 9, kabla hawajapimwa. Karibu theluthi moja walisema wakipatikana na virusi, ndoa itavunjika. Na wale waliohofia jinsi mume atakavyowatendea walielekea kukataa kupimwa zaidi ya mara mbili kuliko wenzao.

Angalieni vizuri: majibu yalikuwa bado hayajatoka. Hofu peke yake ilitosha. Na mama asiyepimwa, kama ana virusi, hapati dawa za kumkinga mtoto wake. Adamu naye alipoogopa, alijificha. Ndivyo tulivyo: mwenye hofu hujificha hata kwa yule ampendaye.

Baba, mbele ya altare uliahidi uaminifu katika afya na katika magonjwa. Je, mkeo anajua kwamba ahadi ile inahusu ugonjwa huu pia? Usingoje akuulize. Kabla hajaenda kliniki, mwambie: "Mama watoto, majibu yawe yawavyo, sitakuacha." Kisha fuatana naye, mpimwe wote wawili. Majibu yake si majibu yako. Mmoja aweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Wala aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani.

Mama, nawe ukiwa na sababu ya kuogopa kipigo, usibebe mzigo huo peke yako. Mweleze muuguzi au mshauri, akusaidie kupata njia iliyo salama.

Baadaye watafiti walijaribu kuwapeleka washauri majumbani, kuzungumza na mke na mume. Waliotembelewa walipimwa pamoja zaidi ya mara mbili kuliko wasiotembelewa. Kumbe mara nyingi tunachokosa ni mtu wa kutufungulia mazungumzo.

Leo dawa zipo. Anayezimeza kila siku, na virusi vikawa havionekani tena katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Kinachobaki kuwatenga mke na mume ni ukimya.

Basi usiku huu, watoto wakisha lala, ulizaneni: "Ni jambo gani unaloogopa kuniambia?" Na anayesikiliza asiwe na haraka ya kujibu.