Kochi la Ross na Maana ya Neno

Anayejifunza Kiingereza kwa kutazama kipande cha kichekesho cha televisheni hupewa sauti, sura za watu, vitu vinavyosogezwa huku na huku, na kicheko. Maana ya maneno haitajwi popote. Inambidi aitafute mwenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafalsafa walikuwa nalo karne nyingi kabla ya televisheni: je, kuliona neno likitumika kunatosha kulijua?

Upo mfano unaojulikana sana. Katika sehemu iliyorushwa Februari 1999 ya Friends, tamthilia ya vichekesho iliyoonyeshwa na NBC ya Marekani kuanzia 1994 hadi 2004, mhusika Ross ananunua kochi. Gharama ya kuletewa nyumbani inakaribia bei ya kochi lenyewe, kwa hiyo anaamua kulipandisha mwenyewe, rafiki zake Rachel na Chandler wakimsaidia. Kwenye kona ya ngazi kochi linakwama. Ross anapiga kelele neno moja tu, pivot, tena na tena, sauti ikizidi kupanda, mpaka Chandler anamfokea anyamaze. Mwishowe kochi linarudishwa dukani likiwa limekatwa vipande viwili, na duka linakubali kumpa Ross dola 4 tu, tena za kununulia bidhaa humo humo.

Mtazamaji asiyelijua neno hilo amelisikia mara nyingi ndani ya sekunde chache, na kitendo kiko mbele ya macho yake. Hata hivyo, alichokiona kinakubali tafsiri kadhaa. Huenda Ross anasema inueni, au sukumeni, au geuzeni huku upande mmoja ukibaki palepale, au fanyeni haraka. Mwanafalsafa W. V. Quine alilijadili tatizo la namna hii mwaka 1960 katika Word and Object: sungura anapita, mwenyeji anatamka neno, na mgeni hana ushahidi wa kutosha kuamua kama ametajiwa sungura mzima, kiungo chake, au jambo jingine kabisa linaloambatana na sungura.

Kabla yake, mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alikuwa ameanza kitabu chake cha Philosophical Investigations, kilichotoka 1953, kwa kumjadili Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Aljeria ya leo. Katika kitabu chake cha Maungamo, Agostino anaeleza kwamba utotoni alijifunza maneno kwa kuwatazama wakubwa wakikitaja kitu huku wakikielekea. Wittgenstein aliona maelezo hayo yana upungufu, kwa kuwa kidole kinachoonyesha kitu kinaweza kueleweka kwa njia nyingi. Badala yake aliwaza fundi mwashi na saidia fundi wake, wenye lugha ya maneno manne tu ya vifaa vya ujenzi. Fundi anaita, msaidizi analeta, na kuelewa kunaonekana katika kitendo. Ross pale ngazini ndiye fundi huyo, ila kazi imemshinda: neno linatamkwa sawasawa na kochi halisogei.

Kushindwa huko ndiko kunakochekesha, na kwa mwanafunzi kuna faida. Amri iliyotimizwa hupita bila kutazamwa, lakini iliyogonga mwamba humlazimisha mtu ajiulize nini kilitarajiwa. Agostino mwenyewe anakiri kwamba Kilatini kilimwingia kwa urahisi, kati ya mabembelezo na utani wa walezi wake, ilhali Kigiriki alikisoma kwa vitisho na adhabu, akakichukia. Pengine Wittgenstein, aliyeshughulika na sentensi za Agostino kuhusu kutaja vitu, angefaidika kuutilia maanani zaidi utani huo.

Kicheko nacho kina hila zake. Baadaye Chandler anamuuliza Ross alikuwa na maana gani aliposema lile neno. Swali ni lilelile ambalo mgeni wa lugha angeuliza, lakini anayeuliza amekua na Kiingereza, na watazamaji wanaangua kicheko kwa sababu hiyo. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika insha yake ya 1975 kuhusu mantiki ya mazungumzo, alitenganisha kile maneno yanachosema na kile msemaji anachokusudia, na sehemu kubwa ya mzaha wa Chandler huishi katika pengo hilo. Kamusi haitamfikisha mwanafunzi huko. Isitoshe, kicheko cha watazamaji waliokuwa studioni huambukiza: mtu anaweza kucheka pamoja nao bila kuelewa chochote, kisha akaamini ameelewa.

Kipande cha video hakina njia ya kumgundua mtu wa aina hiyo, hata akikirudia mara mia. Aliyedhani neno lile maana yake ni inueni ataendelea kudhani hivyo mpaka siku atakaposhika upande mmoja wa meza, akalitamka, na mwenzake akaizungusha.