Miguu Inayocheza na Ulimi Ulionyamaza

Je, ngoma ikiendelea kuchezwa baada ya lugha yake kufifia, tuseme utamaduni umesalimika? Swali hili linawakabili Wabretoni, wenyeji wa rasi ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ambao lugha yao ya asili haitokani na Kifaransa.

Zamani ngoma zao zilikuwa pia kazi. Aliyetengeneza sakafu mpya ya udongo, au kiwanja cha kupuria nafaka, aliwaalika majirani waje waicheze mpaka ishindiliwe kwa miguu. Walishikana mikono, pengine walifungamana kwa vidole vya mwisho tu, vijana kwa wazee, katika mstari mmoja. Waimbaji walikuwa wawili: wa kwanza hutoa mstari, na wa pili huyadaka maneno ya mwisho kabla hayajakatika, akaurudia mstari mzima. Hapana pumzi inayopotea baina yao. Mahali pengine ilipulizwa zumari, ikifuatana na filimbi yenye mfuko wa ngozi.

Desturi hiyo ilikaribia kutoweka, hata katika miaka ya 1950 Loeiz Ropars na wenzake walipoihuisha kwa mikesha ya ngoma iitwayo fest-noz. Watu huja na nguo zao za kila siku, na asiyejua hushika mkono wa ajuaye. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza mkesha huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Wako wanaolalamika kwamba mambo mengi ya huko si ya kale. Kweli, bendi zao za zumari ziliiga za Uskoti katika karne ya 20. Na kofia ndefu ya lesi ya wanawake wa nchi ya Bigouden, ambayo mgeni huidhania ya kale mno, ilizidi kurefuka katika karne hiyo hiyo hata ikapita sentimita 30. Mimi sioni aibu hapo. Mwenye nyumba ana haki ya kuongeza chumba.

Kinachonisumbua ni ulimi. Katika shule nyingi mtoto aliyenena Kibretoni alivishwa shingoni kipande cha ubao au kiatu kikuukuu, naye hakuvuliwa mpaka amnase mwenziwe kwa kosa lilo hilo. Mwalimu asomaye haya na aipime adhabu hiyo: ilimfunza mtoto kumsaliti ndugu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasemaji walikuwa kiasi cha milioni moja; leo ni kama laki moja, na wengi wao ni wazee. Basi wachezaji wengi huitikia kwa miguu maneno wasiyoyaelewa. Mwimbaji asiyeijua lugha aweza kuyakariri ya wahenga. Kutunga wimbo wa kumcheka jirani aliyechelewa mavuno, hawezi.

Mwaka 1977 wazazi kadhaa walifungua shule ya kwanza ya Diwan, ya watoto wadogo, ambamo mafunzo yote yalitolewa kwa Kibretoni. Leo Diwan ina shule hata za sekondari.