Dodo ya Mabibi na Swali la Kumbukumbu

Dodo ni ngoma ya wanawake wa Kijaluo, huchezwa arusini na kwenye sherehe za nyumbani. Katika vikundi vya Kisumu, Seme na Siaya hukosi bibi mwenye wajukuu, aliyeiona mara ya kwanza akiwa mtoto. Anapoicheza uzeeni, anakumbuka nini hasa?

Jibu jepesi ni kwamba mwili haujasahau. Mwanafalsafa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1896, alitenga kumbukumbu mbili: ya mazoea, kama somo lililokaririwa, na ya tukio moja la siku moja. Hatua ya dodo ingekuwa ya kwanza. Uwanja ambamo mtoto aliitazama, ya pili. Lakini mwili wa mzee hautii mazoea. Goti halishuki tena, hivyo mdundo uliokuwa wa miguu huhamia mabegani. Mchezaji anachagua cha kubakiza na cha kuacha.

Wala alichokiona utotoni hakikuwa asili safi. E. S. Atieno Odhiambo na David William Cohen, katika kitabu chao kuhusu Siaya cha mwaka 1989, wanamweleza pim: bibi kizee, mara nyingi mgeni kutoka mbali, aliyelea watoto ndani ya siwindhe, nyumba yake, na kuwapa hadithi na adabu. Basi hata mtoto yule huenda alipokea mambo yaliyokwisha kupita katika mwili wa mzee.

Hapa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, anafaa kuliko Bergson. Akiwahoji wazee kama Paul Mbuya Akoko, alitofautisha mwenye hekima anayeijua mila na kuisimulia vizuri, na yule anayeipima kwa akili yake mwenyewe. Aliitafuta hekima hiyo katika mazungumzo. Miguu hakuihoji, na hilo ni pengo, kwani hata hatua ya ngoma inaweza kubeba hukumu. Makanisa ya misheni yaliyoenea Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20 yalizitazama ngoma kwa jicho baya. Muumini anayerudi kwenye dodo uzeeni ana hukumu aliyoitoa, hata asipoitamka.

Hata hivyo, Oruka alidai sababu. Bibi akiulizwa mbona hatua imebadilika, akajibu kwamba goti linauma, hajapima mila yoyote. Akisema mshuko ule ulikuwa wa msichana anayetaka kuonwa na wachumba, naye hana haja hiyo tena, amepima.