Gari Libadilikapo: Je, Majuto Yetu Ni ya Haki?

Katika miji ya Busia na Malaba, na kutoka hapo hadi Tororo, wako watu wazima ambao wakitajiwa jina la Peugeot hawakumbuki kiwanda kilichoko Ufaransa. Hukumbuka gari moja, 504: lile refu la abiria, na lile pikapu lililobeba magunia ya mahindi, samaki na saruji. Wakiliona Peugeot la siku hizi hutikisa kichwa na kusema kwamba simba amebaki kwenye boneti tu. Kauli hiyo ni ya mzaha, lakini imebeba swali linalostahili kupimwa. Je, mtu ana haki ya kumlaumu mtengenezaji kwa kubadili kitu alichokipenda? Na anapojuta, hulilia nini hasa?

Kwanza tuyaeleze mambo yenyewe. Sifa ya Peugeot katika Afrika Mashariki haikuletwa na matangazo peke yake. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika matope na vumbi lile lile walilolijua wananchi. Peugeot 404 lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Peugeot 504, lililotolewa mwaka 1968, lilishinda mwaka 1975, na ndugu yake wa milango miwili akashinda mwaka 1978. Magari ya 504 yaliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, hata baada ya Ufaransa kuacha kuunda gari dogo la aina hiyo mwaka 1983. Katika Kenya jina la kiwanda likageuka nomino ya kawaida: kupanda pijo kulikuwa kusafiri kwa gari la abiria wachache liendalo mbali.

Kisha mambo yakageuka. Magari ya 504 na 505 yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. 405 la mwaka 1987 na wenzake waliofuata wakavutwa na ya mbele. Baadaye kompyuta ikaingia katika injini. Pikapu liitwalo Landtrek, lililotolewa mwaka 2020, liliundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Changan ya China, na mwaka 2021 kampuni yenyewe ikaunganishwa na wenye Fiat na Chrysler.

Hoja ya wanaojuta yafaa isikilizwe katika sura yake iliyo bora. Wenye busara miongoni mwao hawasemi kwamba gari la kale lilikuwa zuri zaidi kwa kutazamwa. Wanasema lilikuwa likieleweka. Fundi aliyeketi chini ya mti, mwenye spana chache na kitambaa, aliweza kuifungua kabureta, kuisafisha na kuirudisha, na mwenye gari akasimama kando akiona kila lililotendwa. Leo taa ndogo huwaka mbele ya dereva, na tafsiri yake inahitaji kifaa ambacho fundi wa kijijini hana. Maarifa yaliyokuwa mikononi mwa mtumiaji yamehamia kwa muuzaji. Aliyekuwa bwana wa chombo chake amekuwa kama mpangaji ndani yake. Hasara hiyo si ya chuma. Ni hasara ya uhuru.

Hata hivyo hatuna budi kuwatendea haki walaumiwa. Mtengenezaji hakutuwekea nadhiri. Barabara nyingi zimetiwa lami, mafuta yamekuwa ghali, na sheria za moshi na usalama zimekazwa. Tena sisi wenyewe, soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, tulikimbilia magari yaliyokwisha tumika Japani, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Ikiwa simba alituacha, nasi tulimwacha. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao", lakini wao hao walisema pia, "Mla, mla leo, mla jana kala nini?" Mwalimu afundishaye methali ya kwanza na kuificha ya pili amefundisha nusu ya hekima.

Tena kumbukumbu huchagua. Gari lile lile ambalo upande wa Kenya lilimpeleka mtu harusini, ng'ambo ya mpaka laweza kukumbukwa kwa hofu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, watu wa upelelezi walikuja kwa magari kuwachukua raia, na wengi wa waliochukuliwa hawakurudi. Kwa aliyefiwa hivyo, mngurumo wa gari nje ya nyumba usiku hauamshi shauku yoyote. Na hata pasipo hofu hiyo, tusisahau jinsi abiria walivyobanwa katika gari la kale bila mikanda. Anayesema kwamba zamani palikuwa pema, yafaa aulizwe: pema kwa nani?

Basi majuto ya haki tutayatambuaje? Twapendekeza kipimo hiki: tuulize kama jema tunalolililia lingekuwa jema hata kwa mtu ambaye hakuwako. Kijana wa Busia hawezi kuurithi ujana wa baba yake, wala hahitaji. Lakini uwezo wa kukifungua chombo alichokinunua kwa jasho lake, akakielewa na kukitengeneza, huo ni wema kwake kama ulivyokuwa kwa baba yake.

Na wema huo haukufa, umehama nyumba. Neno "boda boda" lilizaliwa katika mpaka huu huu, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Baiskeli ikawa pikipiki, neno likabaki, wala hatusikii maombolezo, kwa kuwa kazi iliyopendwa imebaki: kumfikisha mtu wa kawaida kwa chombo ambacho mwenyewe aweza kukitengeneza kando ya njia. Wapenzi wa 504 wanamtafuta simba kwenye boneti, ilhali waliyempenda hupita mbele yao kwa magurudumu mawili.

Ila tusijipongeze mapema. Katika Nairobi na Kampala zimekwisha ingia pikipiki za umeme ambazo betri yake hubadilishwa katika vituo vya kampuni. Hazina moshi, na hilo ni jema. Lakini swali litafika mpakani pamoja nazo, nasi walimu tungependa wanafunzi wetu wawe na maneno ya kuliuliza kabla ya kununua, si baada ya kujuta: chombo hiki kikiharibika njiani, ni nani atakayeruhusiwa kukifungua?