Je, Maumivu ya Mgongo Ni Alama ya Bidii?

Wako watu wadhanio ya kuwa fundi asiyeumwa mgongo jioni hakufanya kazi ya kweli. Mfinyanzi aketiye chini ameinama tangu asubuhi, msusi wa mikeka, mhunzi achutamaye mbele ya mvukuto, wote husifiwa kwa kuvumilia. Nasi na tuulize: je, maumivu hayo ni wema, au ni hasara tu?

Twajua ya kwamba msuli ukikazwa katika hali moja muda mrefu haupati damu ya kutosha. Huchoka, kisha huuma. Uchovu uondokao kwa usingizi si neno. Lakini maumivu yamngojayo mtu asubuhi, au ganzi ya vidole, ni onyo. Mwenye kulidharau mwaka kwa mwaka, mwisho hupoteza ufundi wenyewe, na watoto wake hukosa chakula.

Labda mtu atasema, "Hivyo ndivyo walivyofanya wazee." Lakini wazee hawakupenda kujitesa bure. Tazameni jirani zetu wa Ufipa, ambao Mpanda ilikuwa pamoja nao katika Mkoa wa Rukwa hata mwaka 2012. Wahunzi wao wa kale walijenga tanuru za udongo zipitazo kimo cha mtu, ziitwazo malungu. Moto wenyewe ulivuta upepo kwa matundu ya chini, bila mtu kuvukuta. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuru ndogo ya kusafishia chuma. Je, tutawaita wavivu? Hasha! Akili yao iliokoa mikono yao.

Tena Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha ya kuwa amri ya tano haikatazi kuua tu. Yatutaka tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie. Basi amri hii yamhusu mwenye kununua sawasawa na fundi. Ampunjaye mfinyanzi bei ya chungu humlazimisha kuinamia vyungu viwili ili apate thamani ya kimoja. Na bwana wa kazi amnyimaye mwanafunzi wake pumziko amesahau ya kuwa sabato ilipewa hata ng'ombe.

Kwa hiyo fundi na akae juu ya kigoda, ainue kazi yake ifike karibu na mikono, ajinyoshe mara kwa mara, abadili kazi kabla ya kuumwa. Wala asione haya. Bidii hupimwa kwa kazi njema na upendo, si kwa mgongo uliopindika.