Mzazi Si Mgeni wa Shule

Mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, na mvua za kwanza zinapoanza kuinywesha ardhi ya Ungoni, wazazi wa Songea huingia katika shughuli moja ambayo kwa uzito hushindana na kilimo chenyewe, nayo ni kuwatafutia watoto wao shule. Toka Mfaranyaki hata Bombambili, toka Lizaboni hata Majengo, maongezi ya barazani hayaishi kutaja ada, sare, basi la wanafunzi na wastani wa ufaulu wa mwaka uliopita. Ni shughuli ya heshima, maana mzazi hana amana iliyo adhimu kuliko malezi ya mwanawe. Walakini katika maongezi hayo yote huadimika swali moja ambalo mimi naliona kuwa ndilo mzizi wa mengine: katika shule hiyo, mzazi atakuwa na kauli gani?

Kwa desturi yetu ya siku nyingi, mzazi huitwa shuleni kwa mojawapo ya mambo matatu, ambayo ni michango, mashitaka au matokeo. Akiitwa kwa michango huenda na hesabu ya fedha kichwani. Akiitwa kwa mashitaka huenda na aibu. Akiitwa kwa matokeo huenda na fahari ama huzuni, kwa kadiri ya majaliwa ya mwanawe. Katika hali zote tatu hukaa, husikiliza, hutia sahihi katika karatasi ya mahudhurio, kisha hurejea kwake. Miaka yote ya shule ya msingi huweza kupita, mtoto akahitimu na kupigiwa vigelegele, na mzazi asiwe amekaa darasani hata mara moja akaona kwa macho yake jinsi ilimu inavyomwingia mtoto aliyemzaa.

Kwa sababu hiyo niliona faraja kubwa nilipoandamana na jamaa zangu, waliokuwa wakimtafutia mjukuu wao mahali pa kusoma, kwenda katika siku ya wazazi ya shule moja ndogo iliyo nje kidogo ya mji, upande wa milima ya Matogoro. Shule hiyo hufuata njia isiyo ya mazoea: watoto wa umri mbalimbali husoma pamoja, kazi ya mikono hupewa cheo sawa na kazi ya kitabu, na mtoto hapangwi nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Hapakuwa na meza kuu siku ile, wala mgeni rasmi, wala ngoma zilizofanyiwa mazoezi kwa minajili ya kutufurahisha. Watoto wenyewe walitupa shikamoo, wakatugawana wawili wawili, wakatutembeza bustanini, jikoni, katika karakana ya useremala na darasani, na kila mmoja akaeleza kwa maneno yake kazi aliyokuwa nayo juma lile. Baada ya hapo tukaketi na walimu kwenye mikeka, na mazungumzo yakaanza.

Baba mmoja, ambaye uso wake ulionyesha wazi kwamba alikuwa na wasiwasi, alinyanyua daftari la mtoto na kuuliza, "Mwalimu, nimefunua kurasa hizi zote sijaona vema wala alama. Nitajuaje kama mwanangu anaendelea au amesimama?" Mwalimu alijibu kwa utulivu kwamba angemwonyesha kazi ya mtoto huyo ya mwezi wa pili na kazi yake ya mwezi ule, kisha baba mwenyewe aseme ameona nini. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amenyamaza toka mwanzo akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Nataka kujua neno moja tu. Mjukuu wangu akikosea, hapa mnamfanya nini?" Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, kisha akajibu, "Bibi, kwanza tunamwuliza yeye mwenyewe ameionaje kazi yake. Akishindwa kuona kosa, tunakaa naye tukalitafuta pamoja. Na wakati mwingine, Bibi, nasi tunachoka, subira inatupungukia; ndiyo maana tunataka mje mara kwa mara, mtutazame." Maneno hayo ya mwisho yalinipendeza kuliko yote niliyoyasikia siku ile, kwa kuwa shule inayomwomba mzazi aitazame hata katika upungufu wake imekwisha kumkubali kuwa mwenzi wake.

Wapo wanaodhani kwamba kumshirikisha mzazi kiasi hiki ni anasa ya mataifa yenye nafasi. Tarikh haiungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1907, mwaka ule ule ambao vita vya Majimaji vilikuwa vikizimika katika ardhi yetu hii na kuacha njaa na mahame, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika kitongoji cha San Lorenzo mjini Roma, miongoni mwa watu mafukara. Nyumba hiyo ilikuwa ndani ya jengo lile lile walimopanga wazazi. Mwalimu alipaswa kuishi pamoja nao. Na katika kanuni zilizobandikwa ukutani, mama alitakiwa azungumze na mwalimu angalau mara moja kwa juma juu ya hali ya mtoto nyumbani. Njia ya Montessori imekwisha kuenea duniani, na hata Tanzania zimo shule nyingi za awali zinazoifuata. Lakini aghalabu watu wameuchukua ubao na shanga na vigae vya kuhesabia, wakaiacha kanuni ile ya mama na mwalimu kukaa pamoja, ambayo haigharimu hata senti.

Wala hatuna haja ya kwenda Roma kuitafuta hekima hiyo. Jirani zetu Wamatengo, katika milima ya Mbinga, walikuwa na sengu, yaani baraza la ukoo ambamo wanaume na vijana wa kiume walikula pamoja kwa mzee wao, chakula kikitoka katika kila nyumba, na palepale penye chakula yakazungumzwa mambo ya shamba, ya ugomvi, ya adabu na ya kesho. Kijana alijifunza hapo sababu ya kulima kwa ngoro, mashimo yale yanayozuia udongo kuporomoka mteremkoni, na asubuhi yake akaenda shambani pamoja na wakubwa. Hapakuwa na mzazi aliyekuwa mgeni katika mafunzo hayo, maana mwalimu, mzazi na jirani walikula katika chungu kimoja.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na nafsi yangu, ambao nasikitika kuona vijana wengi wa mkoa wetu hawausikii ukitajwa, ni kijiji cha Litowa. Katika miaka ya kuupata Uhuru, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini katika wilaya ya Songea, wakashindwa mara ya kwanza kwa njaa, wakarudi tena, na kijiji hicho kikawa mama wa umoja wa vijiji vilivyolima na kuamua mambo yao kwa pamoja, umoja ulioitwa Ruvuma Development Association, kwa kifupi RDA. Toka mwaka 1963 Ralph Ibbott na mkewe Noreen, Waingereza, waliishi pale kama washauri. Litowa ilikuwa na shule, na mwalimu wake mkuu, Suleiman Toroka, aliiendesha kwa namna ambayo watoto walisoma, wakalima na kuishi wakiandaliwa kwa maisha ya vijiji vyao, mambo ambayo taifa zima lilikuja kuyasikia Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea.

Katika andiko hilo Mwalimu alilalamika kwamba shule tulizozirithi zilimtenga mtoto na jamaa zake, zikamfundisha kudharau kazi ya wazazi wake, na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Dawa aliyoipendekeza haikuwa jembe peke yake, kama wengi walivyokuja kudhani. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mipango ya kazi yao, na shule iwe sehemu ya maisha ya watu wanaoizunguka. Litowa jambo hilo halikuhitaji waraka. Mzazi aliyekutana na mwalimu katika mkutano wa kijiji jioni hakuwa amekwenda kuitembelea shule. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wake, na shule ilikuwa mojawapo ya mambo yake.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule. Mali zake zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa mahali pengine. Majengo hayakubomolewa, ardhi haikuhama, watoto walikuwa wale wale. Lakini kauli ilikuwa imetoka mikononi mwa watu wa kijiji, na shule ile ya aina yake haikuwako tena. Kila nilitafakarivyo tukio hilo, huzidi kuamini kwamba utofauti wa shule haukai katika vifaa vyake, wala katika jina la mfumo wake, wala katika rangi ya sare. Unakaa katika watu wenye kauli juu yake. Shule yaweza kuitwa mbadala ikatoza ada ya kutisha, ikamkaribisha mzazi kwa soda na keki mara moja kwa mwaka, kisha ikafunga lango. Hiyo, kwa roho yake, haijatofautiana na nyingine. Na shule ya serikali ya kata yoyote, yenye sakafu iliyopasuka, yaweza kuwa mbadala kwa haki kama wazazi wake huingia, huuliza na husikilizwa.

Kwa hiyo ningependa kutoa nasaha kwa mzazi mwenzangu aliyealikwa kuizuru shule. Siku ya sherehe nenda, lakini omba pia kwenda siku isiyo na sherehe. Usitazame tu mtoto anayejibu. Mtazame yule asiyeweza kujibu, na usikilize mwalimu anasema naye kwa sauti gani. Tazama mtoto aliyemaliza kazi mapema anafanya nini pasipo kuamriwa. Ingia jikoni na chooni, maana adabu ya nyumba hujulikana huko kuliko sebuleni. Mwulize mwalimu mkuu jambo ambalo shule yake haiwezi kulifanya. Akijibu kwa ikhlasi, mwamini katika mengine. Kisha uwe tayari kuulizwa nawe: mtoto hulala saa ngapi, nani huzungumza naye nyumbani, kazi gani hupewa, na je, yeye huonana na babaye akiwa macho?

Najua pingamizi zilizopo. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hana nafasi ya kukaa mkekani na kila mzazi, na mkulima wa mahindi hawezi kuliacha shamba wakati wa palizi. Wapo pia wanaojiona hawana la kusema kwa sababu hawakusoma. Hao wa mwisho nawaambia wamkumbuke bibi yule wa swali moja, ambaye alilifikia jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuligusa. Kwa wengine nasema kwamba watu wa Litowa nao walikuwa wakulima maskini wa jembe la mkono, na walipata nafasi kwa sababu waliihesabu shule kuwa miongoni mwa kazi zao. Isitoshe, kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule yenye wajumbe wanaotoka kwa wazazi, na mlango huo uko wazi kwa sheria, ila wengi wetu hatumjui hata mjumbe mmoja kwa jina.

Serikali yetu, katika sera ya elimu iliyohaririwa mwaka 2023, imerudisha kazi za amali katika sekondari kwa nguvu mpya, na hilo ni jema. Lakini sera haiwezi kumpenda mtoto kwa niaba ya mzazi, wala mtaala hauwezi kukaa na mwalimu ukamsimulia jinsi mtoto huyo alivyokesha na homa, anavyoogopa giza, anavyopenda kufuga njiwa. Maarifa hayo yako nyumbani peke yake, na mwalimu asipoyapata hufundisha nusu mtu. Basi tusingoje barua ya michango. Wiki ijayo, kabla mitihani haijawashika walimu, nenda katika shule anayosoma mwanao, iwe ya serikali au ya binafsi, uombe kuonana na mwalimu wa darasa, umwambie jambo moja jema unalolijua juu ya mtoto, na umwombe naye akuambie jingine. Haki hiyo ni yako, na wajibu huo ni wako pia.